Punje Nne Pafuni

Ijumaa, 10 Mei 2019

Bado niko Adelaide, hospitali. Kitanda cha dirishani. Chai imepoa kabla sijaifikia.

Basi ninazo. Punje nne za dhahabu ndani ya pafu la kulia, chini kabisa, zimeuzunguka uvimbe. Waliziingiza jana kwa mrija kupitia kooni, mimi nimelala fofofo. Kila moja ni kama punje ya mchele iliyokatwa katikati. Miaka sabini na saba sijamiliki dhahabu zaidi ya pete ya ndoa — leo ninayo kifuani!

Daktari Ratnam kanieleza tena asubuhi, polepole, akichora kwenye karatasi. Pafu halitulii. Nikivuta pumzi uvimbe unashuka, nikitoa unapanda. Mashine ya mionzi haiuoni vizuri uvimbe wenyewe, lakini punje inaziona, na ndizo inazozifuata. Zikikaa mahali pake, mionzi inapiga uvimbe peke yake. Zisipokaa, itabidi wapige eneo kubwa, na pafu zima litakalonibakia litakuwa kidogo mno. Pafu la kuchezea sina. Ndiyo maana walikataa kunipasua.

Zinazohitajika ni tatu. Ya nne ni akiba.

Halafu habari mbaya. Walipokuwa wakiweka ya nne, pafu lilivuja hewa. Kidogo tu, limeshajiziba, lakini kasema waziwazi kwamba hatarudia. "Ulizonazo ndizo hizo, mama. Tuzitunze."

Masharti: siku kumi, mpaka picha za kupangia mionzi, Jumatatu ya tarehe ishirini. Nyama ya pafu izishike kwanza. Nisibebe kizito. Nisiiname ghafla. Dawa ya kikohozi nisiikose. Kikohozi kikija nikumbatie mto, nikohoe kidogokidogo. Nisicheke kwa nguvu — nani wa kunichekesha humu?

Nikamuuliza nesi, kana kwamba naulizia mtu mwingine: na mtu akipiga tarumbeta? Akacheka. Alidhani natania.


Jumapili, 12 Mei

Nyumbani Moonta. Kitanda changu, dirisha langu, kasuku wa rangi ya waridi wakipigana kwenye tangi la maji kama kawaida yao. Saa mbili za njia, na Merryn aliendesha jana kama aliyebeba mayai. Binti yangu ana miaka hamsini na moja, lakini ukimwona ameshika usukani vile utasema kapata leseni juzi.

Leo ni Siku ya Mama. Kaniletea maua meupe, kapika kondoo, kapiga deki jiko ambalo lilikuwa safi. Kisha nikamsikia chumbani akiburuta kiti. Ameitoa tarumbeta chini ya kitanda na kuipandisha juu ya kabati!

"Ili usiwe na kishawishi," akasema.

"Merryn, mimi si mtoto."

"Mtoto angenisikiliza, Mama."

Alikuwa na miaka sita nilipokuwa nikimfichia biskuti juu ya kabati hilohilo.

Karudi Adelaide jioni, kazini kesho. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Tangu mume wangu Colin afariki nimezoea ukimya, lakini ukimya wa kuogopa kukohoa ni mwingine kabisa.


Jumanne, 14 Mei

Imetoka.

Siwezi kuliandika vizuri. Saa tatu asubuhi, jikoni, mkate na jemu. Chembe ya mkate ikapita njia siyo. Mto uko sebuleni, mimi niko kwenye sinki! Nilikohoa mpaka macho yakatoka machozi, na si kidogokidogo — kwa nguvu zote, kama wakati wa ile homa ya mwaka wa harusi yetu. Leso ikapata damu kidogo, rangi ya waridi. Na ndani ya kohozi kitu kigumu.

Nikakiweka kwenye kisahani. Kikalia. Ting! Kidogo sana, safi sana. Nikajua.

Nimekaa nacho mezani karibu nusu saa kabla ya kupiga simu. Kinang'aa. Kinachekesha, kinatisha. Hospitali wakauliza nina maumivu, nahema vipi, damu ni kiasi gani. Nisikitupe, nikitie kwenye kichupa. Kesho niende hospitali ya Wallaroo, mji wa jirani, nikapigwe eksirei, wahesabu zilizobaki.

Merryn sijamwambia. Ataacha kazi aje.


Jumatano, 15 Mei

Zipo tatu!

Daktari Ratnam kanipigia mwenyewe baada ya kuziona picha. Tatu, na hazijasogea. Akiba imekwisha, hiyo tu. Nikamuuliza, na nyingine ikitoka? Akasema tutatibu bila hizo, mionzi mipana, na huenda nikaishia kutembea na mtungi wa oksijeni. Au tungoje tuone. Kwa sauti yake nilielewa kwamba kungoja si matibabu.

Kisha akaniuliza nafanya nini siku nzima. Nikasema najaribu kutopumua. Kacheka yeye, mimi nikajizuia.

Nimekula supu tu. Mkate basi.


Alhamisi, 16 Mei

Graham Pengilly kapiga simu. Baba yake, Wesley, anaondoka.

Wesley ana miaka themanini na sita, macho yalikufa zamani, sasa na moyo umechoka. Wale wa nyumba ya wazee wanasema ni siku, si wiki. Graham alikuwa anazungukazunguka, hali ya hewa, mbwa, mpaka nikamwambia sema tu. Akasema: "Mzee anauliza kama utakuja kumpigia ule wimbo. Nimemwambia unaumwa. Anasema na yeye anaumwa."

Huyo ndiye Wesley hasa!

Nimekaa tangu saa ile na mwaka 1956 umejaa chumbani. Nina miaka kumi na minne, soksi nyeupe, nimesimama mlangoni pa ukumbi wa bendi nyuma ya kanisa la Methodisti, tarumbeta ya marehemu mjomba imefungwa kwenye mfuko wa unga. Mzee Rodda, kiongozi wa bendi, kanitazama juu mpaka chini. Msichana? Midomo yake haitafika Krismasi. Wanaume ishirini na wawili wakaanza kuchunguza viatu vyao. Moshi wa sigara mzito kiasi kwamba sikuona ukuta wa pili — na leo madaktari wananiuliza saratani nimeitoa wapi, mimi ambaye sijavuta hata moja!

Wesley akasukuma kiti chake kando. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, masikio makubwa, mikono ya fundi bomba. "Hapa pana nafasi," akasema. "Njoo ukae kabla hawajakumbuka kukufukuza."

Nikakaa miaka thelathini na mmoja.

Na wimbo huo. Babu yake Wesley aliutunga chini kwenye mgodi wa shaba, gizani, akiwa hajui kuandika noti. Alikuwa akiupiga mluzi mpaka wenzake wakaushika. Tuliupiga kila mkesha wa Krismasi juu ya lori, mtaa kwa mtaa, joto digrii arobaini, sare za sufu! Shaba ya tarumbeta iliunguza midomo. Akina mama walitoka na majagi ya maji ya limau, watoto wakifuata lori miguu mitupu kwenye lami laini. Unaanza na sauti moja ya chini, ndefu, tarumbeta peke yake, kabla bendi haijaingia. Sauti hiyo ilikuwa ya Wesley kwa haki ya ukoo.

Mwaka 1961 akanigeukia tukiwa juu ya lori. "Anza wewe. Mimi nimeichoka."

Nilimwamini! Miaka ishirini nilimwamini, mpaka mkewe Thelma akaniambia siku moja tukikata viazi vya kujazia pasti, zile sambusa kubwa za wachimba migodi, pale jikoni mwa kanisa. Hakuwa ameichoka. Alinisikia nikiijaribu peke yangu ukumbini, akaenda nyumbani akamwambia Thelma: yule binti anaipiga kama babu. Akala chakula chake kimyakimya. Basi.

Sikumwambia kamwe kwamba najua.

Nimempigia Merryn nikamweleza yote, hata ile ya Jumanne. Akalia. Kisha kawa mkali. "Nenda ukamuage, Mama. Mshike mkono. Lakini tarumbeta inabaki juu ya kabati, niahidi."

Nikasema siwezi kuinyanyua, ni nzito, nimekatazwa.

Hilo si ahadi. Alilisikia pia.


Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda.

Graham alikuja saa nne. Kaingia chumbani, kaipakua tarumbeta kutoka juu ya kabati bila kuniuliza na bila mimi kumwagiza. Nilikuwa nimeacha mlango wa chumba wazi, hilo nakiri. Nilichukua mto. Njiani tulipita vile vilima vya mabaki ya mgodi, vyekundu, mvua imevikata mifereji. Graham akasema baba yake alikuwa akimpeleka pale kujifunza kupuliza, ili majirani wapate amani.

Chumba cha Wesley kinanuka sabuni na supu. Amekuwa mdogo. Masikio tu ndiyo hayajapungua.

"Nani huyo?"

"Enid."

"Umechelewa."

"Nilikuwa hospitali, Wesley."

"Sikuzungumzia wiki hii. Mstari wa pili, umechelewa tangu mwaka hamsini na sita."

Nikaubana mto kifuani. Nilijua atanichekesha, nilijua!

Nikamweleza kuhusu punje. Zilivyoingia, moja ilivyotoka, tatu zilivyobaki, na kwamba siruhusiwi kupuliza. Alisikiliza amefumba macho. Pumzi zake zilikuwa na mapengo marefu katikati. Nilidhani amelala.

"Babu yangu alichimba mgodi ule miaka arobaini," akasema hatimaye, "hakupata dhahabu hata ya kuziba jino. Wewe umeipata umelala chali."

"Na nimeitemea kwenye leso."

"Umeanza kujidai."

Graham alitoka kwenda kuleta chai, nadhani hakuhitaji chai. Nikaitoa tarumbeta kwenye kasha. Baridi, nzito kuliko nilivyoikumbuka, nikailaza juu ya blanketi baina yetu. Nikamwambia siwezi kukupigia lakini naweza kukuonyesha. Nikaweka vidole vyangu vitatu kwenye vitufe, nikachukua mkono wake nikaulaza juu ya mkono wangu. Ngozi yake kama karatasi ya biskuti. Nikaanza kubonyeza.

Wimbo wote, bila pumzi. Kilichosikika ni vitufe tu, tak, tak-tak, na mkokoteni wa chakula barazani. Lakini niliuona uso wake. Aliusikia! Nyusi zilipanda pale wimbo unapopanda. Midomo ikajibana penyewe, midomo ile isiyo na meno, ikijiandaa kwa sauti ya juu. Nami nilikuwa juu ya lori. Nilikuwa kwenye kona ya Mtaa wa George, Thelma yuko hai, Colin yuko nyuma yangu na lile pembe lake kubwa, jasho linatiririka ndani ya kola, na taa za kanisa zimewashwa.

Mstari wa pili kidole chake kikakandamiza changu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Cha pili. Si cha tatu."

Kweli nilikuwa nimekosea.

Tulimaliza. Mkono wake ukabaki pale pale. Nikamwambia — sijui kwa nini leo, sijui kwa nini si miaka arobaini iliyopita — "Thelma aliniambia kuhusu sitini na moja. Hukuwa umeichoka."

Graham amerudi, amesimama mlangoni na vikombe.

"Thelma alikuwa na mdomo," akasema Wesley. Kisha: "Ile ya kwanza tu, Enid. Moja. Nisikie kwa masikio."

"Wesley, sitakiwi."

"Najua."

Hakuomba tena. Angeomba tena ningekataa, naapa. Alilala tu, uso umenigeukia, akisubiri kama tulivyokuwa tukimsubiri mmoja wetu ahesabu mapigo tuanze. Nilimtazama Graham. Graham akatazama dirisha.

Nikainua tarumbeta. Sikuvuta pumzi kubwa. Nikailainisha midomo, nikaachia sauti ile ya chini, bila kusukuma, laini kadiri nilivyoweza. Ilitetemeka mwanzoni ikatulia. Sekunde nne, labda tano. Ilijaza chumba mpaka vikombe vya Graham vikaimba.

"Hiyo hapo," akasema Wesley.

Akalala. Alikuwa anapumua tulipoondoka, mkono bado umekunjwa kama umeshika kitu.

Sikukohoa mle ndani. Sikukohoa barazani. Kwenye gari, tukiwa tumefika karibu na nyumbani, kikaja — mara tatu, nimekumbatia mto na koti la Graham juu yake. Akasimamisha gari. Nikafungua leso, tukaiinamia wote wawili kama watu waliopoteza pini.

Hakuna kitu.

Lakini hakuna kitu si habari. Huenda imemezwa. Huenda imehama humo ndani, imekwenda kukaa mahali pasipo pake. Graham alikuwa mweupe usoni. Akasema ni kosa lake. Nikamwambia ana miaka hamsini na nane, atafute makosa yake mwenyewe, hili ni langu.

Na sijuti. Naandika ili nione kama ni kweli nikishaliandika. Ni kweli. Naogopa sana na sijuti.


Jumapili, 19 Mei

Merryn amekuja kunichukua. Tuko kwake.

Njiani: "Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Na tarumbeta?"

"Graham aliibeba."

Hakuuliza tena mpaka tulipofika taa za kwanza za mji. Kisha akauliza ilisikikaje. Nikasema vizuri. Akapangusa macho kwa mkono wa sweta, akasema mimi ni mama mgumu kuliko wote Australia Kusini, na akanipikia uji wa maziwa usiohitaji kutafunwa.

Kikohozi hakuna. Maumivu hakuna. Graham kasema Wesley hajaamka tangu jana lakini bado yupo.


Jumatatu, 20 Mei

Saa nne na nusu. Chumba cha kusubiri. Merryn kaenda kulihamisha gari, muda wa kuegesha umekwisha. Naandika nikiwa na gauni la hospitali, mgongo wazi, soksi zangu za kijani.

Nimekiri. Yule mama wa mashine, mpole, kitambulisho kimepinduka, aliniuliza kabla ya picha: tangu eksirei ya Jumatano kuna jambo lolote tujue? Ningeweza kusema hakuna. Nikasema nilipuliza tarumbeta, Jumamosi, sauti moja. Kalamu yake ikasimama. Akauliza, kwa nguvu? Nikasema hapana, lakini ndefu. Akaandika. Sijui aliandikaje hilo.

Kisha kitanda kile chembamba, mikono juu ya kichwa, vuta, toa, vuta, toa. Nilijaribu kuzihisi humo ndani, moja, mbili, tatu. Huwezi. Pafu halisemi.

Walipomaliza sikuambiwa nivae nguo. Niliambiwa nikae hapa, nisiende mbali, Daktari Ratnam anaziangalia picha na huenda zikarudiwa. "Utulie tu, mama. Usikohoe, usishtuke, pumua kawaida." Kupitia kioo namwona daktari kwa mgongo. Ameinama karibu na skrini. Kidole chake kinagusa mahali, kinasogea, kinagusa mahali pengine. Anahesabu? Hajageuka.

Sasa simu yangu inalia.

Ni Graham. Graham hapigi asubuhi, asubuhi yuko shambani.

Najua anachotaka kuniambia. Nikipokea nitalia, nikilia nitakohoa, na mto nimeuacha kwenye gari. Imenyamaza. Inaanza tena. Daktari ameinuka kwenye kiti, anakuja mlangoni na karatasi mkononi, na uso wake siwezi kuusoma. Nimeshika simu kwa mkono wa kushoto, navuta pumzi ndogo kupitia puani, ndogo kabisa, kama alivyonifundisha Wesley kwenye bendi, ile ya kungoja zamu —